Maelezo kuhusu mama mkwe wangu aliyetoka nyumbani Umoja siku niliyobadilisha vitasa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Sylvance Okumu Ragot
Umri: Miaka 52
Jinsia: Mume
Kazi: Fundi wa milango na vitasa, Kariobangi
Makao: Kware
Lugha: Kiswahili
Mahali: Kituo cha polisi, Umoja
Tarehe: Ijumaa, 14 Machi 2025, saa tatu asubuhi
Mwandishi: Koplo Opicho

Mimi ndiye mwenye jina lililo hapo juu. Ni mwanaume mtu mzima, Mkenya, nina mke na watoto, na akili zangu ni timamu. Nilisoma mpaka darasa la sita kule Ugenya, halafu shule ikaenda njia yake na mimi yangu. Lakini ukija kwa mambo ya milango, afande, hata chuo kikuu wangeniita niwafundishe. Kibanda changu kiko Kariobangi, upande wa mafundi wa jua kali, na hakuna mtaa wa Eastlands ambao sijafunga kitasa. Kuna mwizi mmoja Kayole alikutana na kitasa nilichofunga mimi. Akakichokoa kwa waya mpaka kukapambazuka, akakaa kwenye ngazi akalia, na leo ninavyoongea huyo mtu ni mhubiri ana kanisa lake. Koplo Opicho ameniambia habari ya mwizi haihitajiki na niseme yaliyonileta. Nasema.

Mtu aliyepotea ni mama mkwe wangu, Mama Perpetua Akelo, mjane, wa miaka sabini na kitu. Mumewe alikuwa mtu wa reli, na alifariki zamani. Ndiye mama mzazi wa mke wangu, Adongo, na wa mdogo wake Adhiambo. Anaishi na huyo shemeji yangu Adhiambo hapa Umoja, katika zile nyumba za kwanza ambazo watu wameziongeza vyumba mpaka zikafika kwenye barabara. Chumba cha mbele cha hiyo ploti kimekodishwa na mama mmoja anaitwa Sirad, au Mama Kawsar, ana duka la vyakula.

Kabla sijasema ya siku yenyewe, naomba jambo moja liandikwe, kwa sababu bila hilo mtu atasoma hapa aseme Sylvance ni mjinga. Sisi Wajaluo mama mkwe tunamwita maro, na maro si mtu wa kuzoeana naye. Humshiki mkono. Huli naye. Humtazami usoni. Vijana wa siku hizi wanakaa na maro kwenye kochi moja wanatazama mpira, sawa, ni wakati wao. Mimi si mkwe wa namna hiyo. Tangu nimwoe Adongo, mtoto wetu wa kwanza sasa ana mke wake, mimi sijawahi kumtazama yule mama usoni. Nikienda nyumba yake nakohoa kuanzia getini. Naye akinisikia anakohoa kule ndani, maana yake nimekusikia, halafu anaingia chumbani na mimi ndipo naingia sebuleni. Tukiwa na neno, linapitia kwa mtu mwingine, au naongea kwa sauti kuelekea ukuta na yeye anasikia. Kwetu wazee wakitaka kufundisha kijana adabu za ukwe wanamwambia, nenda ukamwangalie Sylvance. Hata siku ya harusi ya mwanangu, kwenye picha ya ukoo mzima, mimi nimetokea kisogo kwa sababu maro alikuwa upande ule. Ile picha iko, naweza kuileta.

Jumapili moja mwishoni mwa mwezi wa pili nilienda kuwatembelea na mke wangu. Nilikohoa, maro akakohoa, nikashika mlango wa mbele nifungue. Mkono wa kitasa ukanibakia mkononi. Adhiambo akatoka jikoni anacheka, akanitoa pale mlangoni.

"Subiri shemeji, huo una mambo yake."

Akarudisha mkono mahali pake, akainua mlango kwa goti, akapinda mkono kwenda juu badala ya chini, akavuta kwa bega. Ndipo ukafunguka. Nilicheka mpaka machozi. Ndani ndio ilikuwa kichekesho zaidi. Mlango wa jikoni ulikuwa hauna mkono kabisa, wanaufungua kwa kuingiza shina la kijiko. Wa bafu umefungwa kwa kamba ya kiatu. Mimi, fundi Sylvance, mtu ambaye nimefunga milango ya benki moja mjini ambayo siwezi kuitaja kwa sababu ya usalama, wakwe zangu wanafungua jikoni kwa kijiko. Nikamwambia Adhiambo hiyo milango yote nitaifanya upya.

Akasema, "Ya ndani sawa, shemeji, na asante. Lakini huo wa mbele usiuguse. Uko sawa hivyo."

Nikamuuliza, "Uko sawa vipi na unafunguliwa kwa goti?"

Akasema, "Wacha tu."

Nilimwona akiangalia mlango wa chumba cha mama yake, kisha akaangalia chini. Mke wangu naye akajifanya anapanga vikombe. Mimi nikadhani ni haya ya kumsumbua shemeji. Huyo ndiye mimi. Nikiambiwa usiuguse nasikia kana kwamba nimeambiwa sitaweza.

Mnamo Jumanne tarehe 11 mwezi huu, asubuhi, nilitoka Kware na mkoba wangu wa kazi na vitasa vipya. Nikiwa mlangoni mke wangu aliniambia, "Baba Oluoch, fanya ya ndani tu." Nikamwambia amwachie fundi kazi ya fundi. Kwa hivyo watu waliokuwa wameniambia ni wawili. Nataka hilo liandikwe.

Nilifika Umoja kama saa nne. Adhiambo alikuwa ameshaenda kazini, anafanya usafi katika ofisi za Industrial Area, na huwa anarudi jioni. Watoto wake walikuwa shuleni. Nilisimama getini nikakohoa. Sikusikia kikohozi cha kunijibu. Nikakohoa tena, na tena. Sirad akatoa kichwa dukani.

"Waryaa Sylvance, hicho kifua si uende hospitali? Ingia. Ayeyo yuko chumbani kwake."

Ayeyo ni nyanya kwa Kisomali, ndivyo Sirad anavyomwita maro. Yeye ndiye humwangalia mchana Adhiambo akiwa kazini. Huu ni mwezi wa Ramadhani na Sirad amefunga, lakini chai ya maro alikuwa anaichemsha kila siku, anampelekea na mkate, anasimama pale mpaka amalize, yeye mwenyewe akiwa na kiu. Aliniuliza natengeneza nini. Nikasema vitasa, naanza na jikoni. Akasema Mungu akubariki, akarudi kwa wateja wake.

Nilianza na jikoni kisha bafu. Afande ameniuliza kama nilimwona mama wakati huo. Sikumwona. Mlango wa chumba chake ulikuwa umerudishwa, na nilimsikia akitembea ndani na kuongea peke yake. Nilidhani anaomba, maana ni mtu wa kanisa sana. Mimi nami nilikuwa naongea, kwa sauti, kuelekea ukuta, ili asikie kazi ya mkwe wake. Nilisema, hiki kitasa ni cha Italia hiki! Nilisema, hata simba akiwa nje atabisha hodi! Hakikuwa cha Italia. Nilikinunua hapo Kariobangi. Lakini nilitaka asikie. Mtu ambaye huwezi kumwambia neno, unaweza tu kumfanyia kitu akakisikia kupitia mlango.

Nilipomaliza ya ndani niliangalia mlango wa mbele. Fundi ukifunga vya ndani ukaacha cha mbele, ni kama umemvika mtu suti ukamwacha miguu peku. Nikaukabili. Kitasa cha zamani kilikuwa kimekwisha. Ulimi wake ulikuwa umelika mpaka umebaki kama jino la mzee, na mlango wenyewe ulikuwa umelegea kwenye bawaba, unaburuta chini, ndiyo maana ya lile goti. Nikautoa wote. Nikabadilisha bawaba. Nikafunga kitasa kipya, nikanyoosha fremu, nikatia grisi. Kusema ukweli ilikuwa kazi nzuri. Pengine ndiyo kazi nzuri zaidi niliyowahi kufanya, na hili silitii chumvi. Mlango wa mbao nzito ulikuwa unakwenda kwa kidole kimoja, na ukijifunga unasikia twa, basi.

Kama saa saba kasoro nilisikia adhana. Sirad alifunga duka akaenda kuswali. Mimi nilikuwa nje, nimepiga magoti kizingitini, nimeufunga mlango ili niangalie kama ulimi unaingia vizuri kwenye fremu. Nikaona mkono wa kitasa ukishuka wenyewe. Mtu alikuwa anafungua kutoka ndani. Mlango ukafunguka bila kelele yoyote, na maro akatoka.

Niligeuza uso mara moja nikauelekeza ukutani. Nilifanya hivyo kabla hata sijafikiri, vile mtu anavyofumba jicho mdudu akija. Alipita karibu sana nami. Nguo yake iligusa bega langu. Akasema kwa Kijaluo, "Asante, fundi. Wacha nikimbie kabla mvua haijanyesha."

Mimi sikujibu, kwa kuwa hairuhusiwi. Niliinamisha kichwa. Nikasikia hatua zake zikienda mpaka getini, na geti mchana huwa liko wazi kwa ajili ya wapangaji na wateja wa duka. Kisha sikusikia tena.

Koplo Opicho, ambaye yeye ni mtu wa Bungoma na anajua mambo ya ukwe, ameniuliza kama sikuona ajabu. Najibu hivi. Maro mwenye akili zake hawezi kutoka bila kukohoa wakati mkwe yuko mlangoni. Hawezi kumpita mkwe mpaka nguo imguse. Hawezi kumsemesha moja kwa moja. Na hawezi kumwita fundi, kama mtu ambaye hajawahi kumwona. Hayo yote yalitokea kwa pamoja, na kila moja peke yake lingetosha kunifanya nisimame niseme, mama, unaenda wapi?

Mimi sikufikiri hivyo. Mimi nilifikiri amenisifu. Tangu nimwoe binti yake sijawahi kusikia neno likitoka kinywani mwake likija kwangu. Nilifikiri amesikia kazi yangu kupitia ukuta, akaona leo avunje mwiko kidogo anishukuru. Niliweka bisibisi chini. Nilifurahi, afande. Nilikaa pale kizingitini nikiwa nimefurahi kama mtoto, na yeye anaenda. Liandike hilo pia.

Ameniuliza alivaa nini. Sijui. Adhiambo ndiye aliyesema ni gauni la kijani na leso ya kichwani, kwa sababu ndizo hazipo kwenye chumba. Ameniuliza kama alibeba kitu. Sijui. Ameniuliza alipotoka getini alielekea wapi, upande wa barabara ya Outer Ring au upande wa soko. Sijui. Uso wangu ulikuwa ukutani. Ningejua hata hilo moja tu, kulia ama kushoto, tungempata siku hiyohiyo.

Sirad aliporudi kutoka kuswali nilimwita aje aone. Nilisema, "Mama Kawsar, njoo ujaribu. Tumia kidole kimoja tu. Mtoto wa siku saba angefungua huu."

Alikuja anatabasamu. Akaweka kidole, mlango ukaenda. Tabasamu likaisha.

"Sylvance. Umetengeneza huu?"

"Nimeutengeneza."

"Adhiambo anajua?"

Nikamwambia atakuta akirudi.

"Ayeyo yuko wapi?"

Nikamwambia ametoka, ana safari zake. Sirad alipiga mayowe mpaka wenye maduka ya jirani wote wakatoka. "Ametoka? Ametoka na nani? Wewe, yule mama hajui hata jina lake! Huo mlango mbovu ndio ulikuwa unamshika! Walahi, umefanya nini wewe?"

Hapo ndipo nilipojua. Maro amekuwa akisahau kwa muda mrefu sasa. Alianza na sufuria na ufunguo, akaja kwa majina ya wajukuu, na mwaka jana akaanza kutaka kwenda nyumbani, na ukimuuliza nyumbani ni wapi anakutajia nyumba za reli ambako walikaa akiwa msichana ameolewa juzi. Adhiambo hakutaka kumfungia mama yake kwa kufuli kama mbuzi. Na hakuhitaji. Ule mlango ulikuwa na siri yake ya goti na bega, na siri hiyo maro aliisahau pamoja na mengine. Alikuwa anaenda, anashika mkono anapinda chini kama mlango wa watu wote, haufunguki, anachoka, anarudi kukaa. Hakuna aliyemfungia. Alikuwa anadhani tu mlango umegoma, na Sirad anamletea chai anamwambia fundi atakuja kesho.

Fundi atakuja kesho. Na mimi nikaja.

Tulikimbia. Sirad aliacha duka wazi, akaenda upande wa soko na buibui lake limeshikwa mkononi. Mimi nilienda upande wa Outer Ring. Mvua ilianza kama saa tisa, kubwa, ya kwanza ya mwaka. Pale kwenye kivuko cha juu nilimpata kijana wa bodaboda anaitwa Dishon. Alisema alimwona mama mzee mwenye gauni la kijani, amebeba kiatu kimoja mkononi, na alimwambia, "Shosho, panda nikupeleke, mvua inakuja." Mama akamjibu hana haja, nyumbani ni hapo tu. Akavuka. Dishon ndiye mtu wa mwisho tunayemjua aliyemwona, na namba yake ya simu nimempa Koplo.

Adhiambo alirudi jioni, ameshapigiwa simu, amelowa. Alisimama mbele ya mlango. Akaufungua, akaufunga. Nilitaka anitukane. Mimi nimeshatukanwa na watu wengi na najua jinsi ya kujibu.

Alisema, "Shemeji, nilikuambia usiuguse."

Nikasema, "Hukuniambia kwa nini."

Akasema, "Ningekuambiaje? Wewe si ni mkwe? Nikuambie mama anavua nguo sebuleni? Nikuambie ananiita mimi mama? Ungeniangalia vipi tena? Ungemheshimu vipi?"

Ni kweli. Mambo ya namna hiyo hayaambiwi mkwe. Mke wangu naye alijua, tunalala kitanda kimoja, na hakuniambia kwa sababu hiyohiyo. Kila nikiuliza maro anaendeleaje, naambiwa ni presha na magoti. Walikuwa wanamfunika ili nisimwone, na mimi nilikuwa nageuka ili nisimwone, na sote tulikuwa tunajisifu kwamba tuna adabu.

Nimesikia kuna watu kwenye ploti wanasema Adhiambo alimwacha mama peke yake, kwamba ashtakiwe. Kuna jamaa wa kwetu pia wamepiga simu wakisema hivyo. Naomba iandikwe kwa herufi zinazosomeka kwamba si kweli. Adhiambo hajalala nje ya ile nyumba hata siku moja tangu mama aanze kusahau. Aliacha kazi nzuri zaidi akachukua ya karibu. Kama kuna mtu wa kushikwa, mimi niko hapa.

Tangu Jumatano tumemtafuta. Adhiambo na Sirad wamezunguka hospitali. Mimi nimezunguka kwa miguu, Kariobangi yote, nyumba za zamani za reli mpaka walinzi wakanifukuza, Kware jengo kwa jengo. Na hapa nataka kusema jambo ambalo sijamwambia hata mke wangu. Sijui uso wa mtu ninayemtafuta. Adongo alinipa picha ya mama yake niwaonyeshe watu. Niliipokea ikiwa kwenye bahasha. Barabarani naitoa, namwelekezea mtu, "umemwona huyu?" na mimi mwenyewe nimeangalia pembeni. Mama mmoja muuza mboga aliniambia, "Wewe mzee, mbona unaonyesha picha kama mtu anayeonyesha nyoka?"

Mbaya zaidi ni hili. Nikimwona mama mzee mbele yangu, mwenye leso, anatembea polepole, shingo yangu inageuka yenyewe. Ni mazoea. Nageuka, nahesabu hatua zipite, halafu nakumbuka kwamba huyo ndiye nilikuwa natakiwa kumwangalia, nakimbia nyuma yake na ameshaingia kwenye watu. Sijui ni mara ngapi imetokea. Jana pale Kware kulikuwa na mama amekaa kwenye ngazi ya ghorofa, amejikunyata. Nilisimama nikiwa nimempa mgongo, nikamwomba msichana mmoja anifanyie wema amwangalie, amlinganishe na picha. Msichana akaangalia, akasema siye. Nikamwamini. Lakini jana usiku sikulala. Najiuliza yule msichana aliangalia sawasawa?

Mke wangu hajanilaumu. Ananipakulia chakula, anakaa, anaangalia nikila. Jana alisema tu, "Mvua ilinyesha sana Jumanne."

Adhiambo sasa haufungi mlango wa mbele wa nyumba yake. Amesema mama akirudi asikute umefungwa. Sirad naye anakaa hapo kizingitini mpaka wakati wa kufuturu, na kufuturu anafuturia hapohapo.

Koplo Opicho ameniambia sheria inataka nithibitishe kwamba mtu niliyemwona akitoka mlangoni tarehe 11 ndiye aliye kwenye picha inayowekwa kwenye faili. Nimemwambia sikumwona uso, nilisikia sauti na hatua. Amesema hata hivyo mimi ni mtu wa familia, niangalie niseme kama ndiye Mama Perpetua Akelo. Nimemwambia afande, wewe ni mtu wa magharibi kama mimi, unajua unaniomba nini. Amesema anajua. Akaitoa picha kwenye bahasha niliyokuja nayo, akaiweka mezani, akaigeuza upande wangu, halafu akainuka akaenda kusimama dirishani.

Nimeiangalia.

Ni Adongo. Ni mke wangu, amezeeka. Macho ni yale, mdomo ni ule, hata ule mstari mmoja katikati ya nyusi ambao mke wangu hupata akiwa amekasirika na hataki kusema. Siku zote hizi nilikuwa natafuta mtu ambaye simjui, kumbe ni uso ninaoamka nao kila asubuhi. Ningemtambua ng'ambo ya barabara. Ningemtambua gizani. Na yule mama wa kwenye ngazi, ambaye nilimpa mgongo, sasa sijui alikuwa ni nani.

Nathibitisha kwamba aliye kwenye picha ni mama mkwe wangu.

Hayo ndiyo niliyo nayo ya kusema, nimeyasema kwa hiari yangu na bila kuahidiwa chochote. Naomba niruhusiwe kwenda sasa, nataka kurudi Kware kwenye lile jengo lenye ngazi, nikamtafute yule mama.

Sahihi ya shahidi: S. Okumu Ragot

KUMBUKUMBU YA AFISA: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Opicho, kwa lugha ya Kiswahili, nikamsomea shahidi, akakubali ni sawa na kutia sahihi mbele yangu saa tano na dakika kumi asubuhi. Aliomba habari ya kitasa cha Italia ifutwe. Baadaye akasema ibaki. Ameomba aondoke na picha. Nimebaki na nakala kwenye faili, yeye nimempa ile yenyewe. Hakuirudisha kwenye bahasha.